Ufa Hauzibwi kwa Simiti Peke Yake

Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, semina ya siku moja ya parokia



 Hatutawachosha. Tumekuja na jambo moja tu, nalo ni la chuma.

Huenda mtu akasema, "Sisi ni kikundi cha maendeleo, mambo ya chuma ni ya fundi." Ni sawa, kazi ya fundi ni ya fundi. Lakini pesa ni za nani? Maji yakimwagika yalikuwa ya nani? Na ukuta ukianguka, watakaokuwa chini yake ni watoto wa nani? Basi tusikilizane.

TANGI LILILOPASUKA USIKU

Kuna kikundi kimoja cha akina mama, jina tunaliacha. Walichanga kwa miaka mitatu. Kila wiki kila mmoja alitoa alichopata kwa kuuza mayai, kusuka vyondo na kulima vibarua. Mwishowe wakajenga tangi kubwa la matofali kando ya kanisa lao dogo, ili lipokee maji ya mabati. Tangi lilipigwa plasta ndani na nje likapendeza sana. Mvua ya kwanza likajaa nusu, watu wakapiga vigelegele. Mvua ya pili likajaa mpaka juu. Usiku wa siku hiyo hiyo likapasuka kutoka chini hadi juu. Maji yote yakaenda, na kipande cha ukuta kikaangukia zizi la mbuzi. Tunamshukuru Mungu ilikuwa usiku, maana mchana watoto hucheza pale pale.

Tulipokwenda kuwapa pole, kila mtu alikuwa na sababu yake. Wengine walisema simiti ilikuwa mbovu. Wengine walisema mchanga ulichanganyika na udongo. Hata waliosema ni kijicho cha majirani walikuwako. Lakini tulipochakura vile vifusi tuliona jambo lingine: hapakuwa na waya hata mmoja uliozunguka tangi lile. Katika hesabu ya fundi waya ulikuwa umeandikwa, na pesa zake zililipwa. Waya wenyewe haukuingia ukutani. Na hakuna aliyejua, kwa sababu plasta ilikuwa imekwisha kufunika.

Kwa hiyo leo tunataka kila kiongozi aliye hapa aelewe mambo mawili. Kwanza, chuma kinafanya kazi gani ndani ya tangi, ukuta na paa. Pili, ni siku gani kikundi kinapaswa kukiona kwa macho.

KUBANWA NA KUVUTWA

Hebu tumwombe mwalimu chaki moja. Mnaiona hii? Tukiisimamisha mezani na kuibana kwa kidole kutoka juu, haivunjiki upesi. Sasa tunaishika ncha mbili na kuivuta huku tukiipinda kidogo tu. Imekatika. Mmesikia?

Matofali, mawe, udongo na zege ni ndugu za chaki. Ukivikandamiza vina nguvu nyingi, ndiyo maana vinabeba nyumba. Ukivivuta ni vinyonge. Zege ngumu, ambayo umeichanganya vizuri na kuimwagilia maji vizuri, nguvu yake ya kustahimili kuvutwa ni kama sehemu moja ya kumi tu ya nguvu yake ya kustahimili kubanwa.

Waya na kamba ni kinyume. Huwezi kusukuma ng'ombe kwa kamba, lakini unaweza kumvuta. Kadhalika chuma chembamba: ukikisukuma kinapinda, ukikivuta kinashika. Chuma cha kawaida cha mviringo cha milimita 12, unene wa kidole kidogo, kinaweza kushika mzigo wa zaidi ya tani 2 kabla hakijaanza kurefuka kisirudi tena.

Kwa hiyo mgawanyo wa kazi ni huu: jiwe na zege hubeba, chuma huvuta. Penye kubanwa, weka jiwe. Penye kuvutwa, usiamini jiwe wala simiti. Weka chuma.

Na msifikiri haya ni mageni. Mmekuja hapa na baisikeli. Tazameni spoku za gurudumu. Spoku moja ni nyembamba kuliko kalamu. Ukiisimamisha chini na kuikalia itapinda. Lakini zikiwa zimekazwa zote pamoja zinambeba mwenye baisikeli, mke wake na gunia la mahindi. Zinaweza kwa sababu kila moja imevutwa kati ya kitovu cha gurudumu na ukingo wake. Zikilegea gurudumu linaanza kucheza, na fundi wa baisikeli anakaa chini na kuzikaza moja moja, polepole, huku na huku.

Na ninyi wa kwaya, gitaa la nyuzi za chuma lina kitu hicho hicho. Nyuzi sita zikikazwa zinavuta shingo ya gitaa kwa nguvu ya kilo 70 hivi, kama mtu mzima amening'inia hapo. Mti ungejikunja kama upinde. Ndiyo sababu magitaa mengi ya aina hiyo yana fito ya chuma iliyofichwa ndani ya shingo, na nati ndogo kwenye ncha yake. Anayejua huizungusha robo tu, shingo inanyooka.

Chuma cha namna hii, kilichoshikiliwa ncha mbili na kukazwa ili kuzuia kitu kisitawanyike, leo tutakiita chuma cha kukaza.

MAJI YANASUKUMA KIASI GANI?

Turudi kwenye tangi. Tuseme ni tangi la duara, upana wake mita 3, na maji yamesimama mita 2. Hilo linabeba lita 14,000 hivi, yaani madebe 700. Juu kabisa, pale maji yanapoishia, ukuta hausukumwi na kitu. Chini kabisa, kila mita 1 ya mraba ya ukuta inasukumwa kwa nguvu ya tani 2. Ukijumlisha kutoka juu hadi chini, utaona kwamba maji yanataka kuupasua ukuta kwa wima, na mahali popote unapochora mstari wa wima ukuta unavutwa huku na huku kwa nguvu ya tani 3. Tani 3 ni mifuko 60 ya simiti.

Sasa tuulizane: mifuko 60 ya simiti ikining'inizwa kwenye ufa wa plasta, plasta itaishika? Haitaishika. Na ukiongeza unene wa plasta, umeongeza uzito na gharama tu. Kinachoshika mifuko hiyo 60 ni waya unaozunguka tangi.

Hapo tunajifunza mambo matatu.

La kwanza, waya uzunguke tangi lote bila kukatika. Waya ulioishia nusu ni kama mshipi usio na kishikizo. Mahali pa kuunganisha, ncha zipishane sana na zifungwe, au zipindwe zishikane.

La pili, mizunguko iwe karibu karibu sehemu ya chini, na mbali kidogo sehemu ya juu, kwa sababu maji yanasukuma zaidi chini. Tumewahi kuona fundi aliyefanya kinyume, ati juu ndipo panapoonekana na watu.

La tatu, tangi la duara ni rafiki wa chuma. Kwenye duara maji yanauvuta waya tu, na kuvutwa ndiyo kazi ambayo waya unaiweza. Kwenye tangi la pembe nne maji yanaukunja ukuta katikati, na chuma kinachohitajika ni kingi zaidi.

Wazee watakumbuka matangi ya kikapu, yale yaliyoitwa matangi ya ghala. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 yalijengwa mengi hapa Kenya. Kikapu kikubwa kilisukwa kwa fito, mfano wa ghala la nafaka, kisha kikapakwa simiti. Wazo lilikuwa zuri: fito ni za bure na kusuka tunajua. Lakini kazi ya kuvuta waliachiwa fito, na fito ni chakula cha mchwa. Mchwa wakala, nyingine zikaoza, na baada ya miaka michache matangi mengi yakavuja na kupasuka. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 mpango ule ukaachwa, na mafundi wakashika zaidi njia ya wavu wa chuma na waya. Akina mama wale hawakuwa wavivu, wala simiti haikuwa mbovu. Kilichokosekana ni kitu cha kuvuta kisichooza.

Leo wengi wananunua matangi ya plastiki, na kwa nyumba moja si vibaya. Lakini kwa shule au kanisa lenye mabati mengi, tangi kubwa la kujenga bado lina nafasi yake. Basi lijengwe vizuri.

HATA KANISA LA MTAKATIFU PETRO LILIPASUKA

Asije mtu akafikiri nyufa ni aibu ya watu maskini peke yao. Kanisa la Mtakatifu Petro kule Roma lina kuba kubwa lenye upana wa karibu mita 42. Mchoraji wake alikuwa Michelangelo, na lilikamilishwa mwaka 1590, yeye akiwa amekwisha kufa. Kuba ni kama tangi kwa jambo moja: uzito wake unasukuma sehemu ya chini ielekee nje, na ukuta unataka kupasuka kwa wima. Wajenzi walilijua hilo, wakatia minyororo ya chuma ndani yake. Hata hivyo, miaka ilivyopita nyufa zikaonekana, na watu wa Roma wakaingiwa na hofu.

Mwaka 1742 Papa Benedikto wa 14 aliwaita wataalamu watatu wa hesabu, wote watawa: Le Seur, Jacquier na Boscovich. Wakapima, wakapiga hesabu. Mwaka uliofuata akamwita Giovanni Poleni, mwalimu wa chuo kikuu cha Padua, naye akachunguza ufa kwa ufa. Dawa iliyokubaliwa ilikuwa nini? Kulizungushia kuba pete za chuma. Tano ziliwekwa katika miaka ya 1743 na 1744. Baadaye ikagunduliwa kwamba mnyororo mmoja wa zamani ulikuwa umekatika, ikaongezwa pete ya sita mwaka 1748. Kuba lile limesimama hadi leo.

Angalieni vizuri alichofanya Baba Mtakatifu. Angeweza kuagiza nyufa zipakwe chokaa na kupigwa rangi, na mahujaji wasione kitu. Yeye alitaka kwanza kujua nguvu inayopasua inatoka wapi. Wahenga wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli. Lakini ufa unaovutwa ukiuziba kwa simiti peke yake, unafungua tena kando ya simiti yako.

UKUTA ULIOINAMA NJE

Sasa twende kwenye kumbi zetu, madarasa yetu na vigango vyetu. Paa la mgongo lina miguu miwili, kama mtu aliyepanua miguu juu ya tope. Uzito ukiongezeka miguu inateleza kwenda nje. Ukimfunga mtu huyo kamba kutoka kifundo hadi kifundo, hatelezi tena. Kwenye kenchi, kamba hiyo ni boriti ya chini, ile inayolala kutoka ukuta hadi ukuta. Kazi yake kubwa ni kuvuta. Ndiyo maana tunawasihi: msiikate! Tumeona kumbi ambako boriti hizo zilikatwa ili jukwaa lionekane vizuri au dari ipande juu. Baada ya misimu michache kuta zilianza kwenda nje, na ufa ukaonekana kwenye pembe, mwembamba chini na mpana juu.

Je, ukuta kama huo ni lazima ubomolewe? Si kila mara. Mwanzoni mwa miaka ya 1800, kule Paris, katika jengo la Conservatoire des Arts et Métiers, kuta mbili zilikuwa zimesukumwa nje na uzito wa jengo. Bwana mmoja aitwaye Molard alipitisha fito za chuma kutoka ukuta mmoja hadi wa pili, zikatokeza nje, na kwenye kila ncha akaweka bamba na nati. Kisha fito zikapashwa moto kwa zamu. Chuma kikipata moto hurefuka: fito ya mita 6 ikipanda joto kwa digrii 100 huongezeka milimita 7 hivi. Ziliporefuka, nati zikakazwa. Zilipopoa zikajikunyata, na kuta zikavutwa ndani kidogo. Wakarudia na zile nyingine, tena na tena, mpaka kuta zikasimama wima.

Sisi hatuwaambii mkawashe moto darasani. Kwa majengo yetu spana inatosha. Lakini dawa ni ile ile, na hatua zake ni hizi:

1. Tafuteni sababu kwanza. Kama msingi unazama, au jengo limekaa juu ya udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, chuma cha juu hakitaponya msingi. Shusheni timazi kutoka juu ya ukuta. Kama juu umetoka nje na chini uko mahali pake, hapo paa linasukuma.

2. Upimeni ufa. Pakeni kipande kidogo cha plasta juu yake na kuandika tarehe. Plasta ikikatika, ufa bado unatembea. Ikikaa mzima msimu wote wa mvua na wa kiangazi, huenda jengo limetulia.

3. Mwiteni mtu mwenye ujuzi. Kama ni shule, kanisa au zahanati, msianze bila mhandisi. Nendeni ofisi ya ujenzi ya kaunti mwulize. Yeye ndiye atakayesema fito iwe ya unene gani na ziwe ngapi.

4. Wekeni egemeo. Kabla ya kutoboa ukuta ulioinama, paa na ukuta vishikiliwe kwa nguzo. Watoto wasiingie mpaka kazi iishe.

5. Bamba liwe kubwa. Fito ya chuma yenye nati ndogo itapenya tofali kama uzi mwembamba unavyokata mkate wa ugali. Bamba la nje ndilo linalotawanya nguvu, kama kifungo cha shati kinavyoshika kitambaa.

6. Kazeni kidogo kidogo. Fito zote zikazwe kwa zamu, robo mzunguko hapa, robo kule. Msijaribu kurudisha kwa siku moja ukuta ulioinama kwa miaka kumi. Mara nyingi inatosha kuuzuia usiendelee.

7. Pakeni rangi ya kuzuia kutu, hasa kwenye nyuzi za nati. Hapo chuma kimechongwa kikawa chembamba, na hapo ndipo hukatika. Kila mwaka mtu mmoja apande na spana, aangalie kama kuna iliyolegea.

MSHIPI WA JENGO

Kwa wanaojenga upya, dawa ni rahisi zaidi, na huwekwa mapema. Ule mkanda wa zege juu ya madirisha na milango, tunaouita lenta, msiufanye vipande vipande. Uzunguke jengo zima kama mshipi, na vyuma vyake vizunguke pamoja nao. Kosa tunaloliona sana liko kwenye pembe: vyuma vya ukuta huu vinaishia hapo, na vya ukuta ule vinaanzia hapo, havishikani. Hiyo ni mishipi miwili isiyofungwa. Vyuma vipinde kona viingie ukuta wa pili, na mahali viwili vinapoungana vipishane. Kwa chuma cha milimita 12, sentimita 60 ni kipimo kizuri cha kupishana.

Tena chuma kisilale chini kabisa ya zege kikaonekana. Kifunikwe pande zote. Zege nzuri humlinda chuma asipate kutu, na chuma humlinda zege asikatike. Lakini maji na hewa vikimfikia, kutu huvimba na kuivunja zege kutoka ndani. Wenzetu wa Pwani wajihadhari na mchanga wa bahari: chumvi yake inakula chuma upesi, hata kama zege inaonekana nzuri kwa nje.

Mama mmoja hapa mbele ameuliza kuhusu geti la shule yao, ambalo limelala mpaka linachimba ardhi. Mama, hilo nalo ni jambo la kuvuta. Fungeni waya mnene, wenye kifaa cha kukazia, kutoka pembe ya juu upande wa bawaba hadi pembe ya chini upande wa kufuli. Ukikaza, waya unaiinua ile pembe iliyolala. Lakini kama mnatumia ubao badala ya waya, ubao unabanwa, hauvutwi; huo uanzie chini upande wa bawaba upande juu upande wa kufuli. Wengi huchanganya hapo, na geti linalala tena.

SIKU YA KUFUNIKA CHUMA

Sasa tumefika kwenye jambo la pili tuliloahidi. Mchanga unaonekana. Mifuko ya simiti inahesabika, hata makaratasi yake yanabaki. Plasta na rangi kila mgeni anazisifu siku ya harambee. Lakini chuma ndicho kitu pekee katika jengo ambacho kikifanya kazi vizuri hakionekani tena. Kwa sababu hiyo ndicho rahisi kupunguza, rahisi kuiba, na rahisi kukubaliana kimya kimya kwamba "hata kikipungua kidogo hakuna neno."

Hatusemi mafundi ni wezi. Mafundi wengi ni watu waaminifu, na tumejifunza mengi kutoka kwao. Mara nyingine si fundi anayepunguza bali kamati yenyewe. Pesa zimepungua, harambee haikufika ilipotarajiwa, na mtu anasema, "Tupunguze chuma, lakini rangi tusipunguze kwa sababu Askofu anakuja." Ndugu zetu, kama pesa hazitoshi, jengeni tangi dogo lenye waya wote. Au acheni ukuta bila plasta ya nje na bila rangi mwaka mzima, hakuna atakayeumia. Msiache chuma.

Tunapendekeza kila kikundi kiandike kwenye kitabu cha mikutano kanuni hizi:

Kwanza, hesabu ya chuma na waya iandikwe kabla ya kazi: aina, unene, urefu, idadi. Si neno "chuma" na bei mbele yake.

Pili, vinapofika vipokelewe na watu watatu, na angalau wawili wasiwe maafisa wa kikundi. Wavipime na watie sahihi.

Tatu, iwekwe siku maalum, siku ya kufunika chuma. Siku hiyo zege haimwagwi wala plasta haipigwi mpaka wanachama wamefika, wamehesabu mizunguko ya waya, wameangalia pembe na viungo. Siku hizi karibu kila kikundi kina simu ya kupiga picha. Pigeni picha na kuzihifadhi.

Nne, vipande vilivyobaki vihesabiwe na kuandikwa. Kipande cha mita 1 ni mali ya kikundi.

Fundi mzuri hatakasirika mkifanya hivyo. Atafurahi, maana tangi likipata shida siku za mbele ushahidi wake upo. Akikataa wanachama wasiangalie, basi mmeshajua jambo muhimu kabla pesa hazijaisha.

Wale akina mama wa tangi lililopasuka wameanza kuchanga upya. Wamepunguza ukubwa wa tangi, na wamemchagua mama mmoja asiyejua kusoma awe mwangalizi wa waya, kwa sababu kuhesabu anajua na kunyamaza hajui. Tunawaombea mvua ijayo iwakute tayari.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Katika kijiji chetu, ni jengo gani au tangi gani lina ufa? Ufa huo ni mpana juu au chini? Tunafikiri nguvu inayopasua inatoka wapi?

2. Je, kuna ukumbi ambao boriti za kenchi zimekatwa? Nani aliamua, na nani anaweza kuzirudisha?

3. Katika mradi wetu wa mwisho, nani aliona chuma kabla hakijafunikwa? Tuna maandishi au picha?

4. Kama pesa zikipungua katikati ya ujenzi, tumekubaliana nini kipunguzwe na nini kisiguswe?

5. Nani atapanda na spana mwaka huu?

 Chai iko tayari, na baada ya chai tutakwenda pamoja kushusha timazi kwenye ukuta wa ukumbi huu huu, maana tumeona ufa pale kwenye pembe.